Breki ya Mwalimu

Tangu Mama afariki, mguu wangu wa kulia haunisikii. Nikiuambia tulia, wenyewe unafunga breki. Umefunga breki kwenye kiti cha kinyozi, umefunga breki kwenye foleni ya posta, na siku moja ulifunga breki nikiwa nimekaa chooni, mahali ambapo, nakuhakikishia, hakuna mtu anayehitaji kusimama ghafla.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwalimu wa udereva, usije ukadhani nina pepo. Gari letu la kufundishia lina pedali ya breki upande wa mwalimu pia, ili mwanafunzi akitaka kuuoa ukuta, mwalimu aivunje ndoa. Shule aliianzisha Mama. Kiti cha mwalimu kilikuwa chake miaka ishirini na mbili, na mimi miaka mitatu ya mwisho nikawa namsaidia zamu za jioni. Nusu ya madereva wa mji huu wameshikishwa usukani na yeye. Nusu nyingine, ukiwaona tu wanavyokata kona, unajua hawakupita kwake.

Mama alikuwa anakaa pale na mwanafunzi wa siku ya kwanza, mikono kaikunja, miguu kaiingiza chini ya kiti kama yuko sebuleni kwake, anasema tu: "Haya, baba, ule ukuta hautufuati, sisi ndio tunaoufuata." Na mwanafunzi anakata usukani mwenyewe. Mimi, miezi minne baada ya kumzika, sikuweza kumwachia mtu hata mita kumi. Mwanafunzi akigusa mafuta, nafunga. Akiwasha indiketa, nafunga. Paka kalala juu ya ukuta, hana mpango wowote na sisi wala na barabara, nafunga.

Aliyenichoka kuliko wote ni Mkunga. Huyu ni mama wa miaka sitini na mitano, mkunga mstaafu, aliyeamua kujifunza gari kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "nimebebwa vya kutosha." Nusu ya masomo yake alisoma kwa Mama, kwa hiyo tofauti aliijua.

"Mwalimu," aliniambia asubuhi moja, baada ya kumsimamisha mara saba kwenye barabara iliyonyooka kama rula, "mimi nimezalisha watoto zaidi ya elfu mbili. Hakuna hata mmoja aliyenikwamisha njiani kama wewe."

"Usalama kwanza, Mama Mkunga."

"Usalama wa nani? Barabara tupu hii! Hata mbuzi hamna!"

"Mbuzi huwa hatoi taarifa, mama yangu. Anatokea tu."

Alicheka, nikajua nimeshinda. Kumbe wapi. Alizima gari, akachomoa ufunguo, akautumbukiza mfukoni mwa gauni lake, akashuka na kuanza kutembea kuelekea ofisini, mkoba begani, bila kugeuka nyuma. Mimi nikabaki kwenye kiti cha mwalimu katikati ya barabara, ndani ya gari lisilo na ufunguo, nawapungia mkono wapita njia kama mheshimiwa anayefungua maonyesho.

Ofisini yupo dada yangu. Mimi na yeye tumebaki wawili. Amenizidi miaka sita, na hiyo sita anaitumia yote. Ana meza, ana simu, ana daftari kubwa la ratiba, na ana jicho. Nilipofika nikisindikizwa na Mkunga, aliyekubali hatimaye kurudi kunichukua mimi na gari, Dada alikuwa ameshafungua daftari na kulilaza mbele yake.

"Domo," alisema. Ndilo jina langu pale nyumbani, na sina la kujitetea. "Mwezi huu wanafunzi wanne wamehama. Wanne. Mmoja ameniambia anajisikia kizunguzungu. Mmoja ameniuliza kama gari letu lina kwikwi."

"Huyo mbona ni mchekeshaji mzuri? Tumwajiri."

Dada hakucheka. Zamani angecheka.

"Nimempigia mshauri nasaha, pale zahanati. Jumatano saa nne una miadi naye. Nenda ukaongee na mtu anayeijua kazi hiyo, maana mimi hunisikii, na kila nikikugusia habari ya Mama unanirushia kichekesho kama mtu anayemrushia mbwa mfupa."

"Mimi mzima, Dada."

"Mguu je?"

Niliuangalia mguu. Ulikuwa umekandamiza sakafu.

"Una mwezi mmoja," alisema. "Mwezi ukiisha bado unasimamisha watu barabara tupu, natafuta mwalimu mwingine wa kukaa pale. Wewe utakaa hapa na mimi, tupange mafaili."

"Kiti cha Mama umpe mtu baki?"

"Kiti cha Mama nimpe mtu anayefundisha."

Alisema hivyo huku anaandika, na kalamu haikuwa inatoa wino. Nikaona nisiendelee.

*

Jumatano ya kwanza nilikwenda hadi kwenye geti la zahanati, nikalisalimia, nikapinda kushoto. Nilikaa kwa fundi viatu saa nzima nikimsimulia habari za wanafunzi wangu, na yeye, kwa furaha, akanishonea soli ambayo haikuwa na tatizo. Saa sita nikarudi ofisini uso nimeukunjua.

"Haya, ilikuwaje?" Dada aliuliza.

"Vizuri sana. Mzee mmoja mtulivu, ana ndevu nyeupe, sauti ya chini. Ameniambia nina moyo mgumu lakini safi."

"Mzee mwenye ndevu."

"Mpaka hapa." Nikajipima kifuani.

"Mshauri ni mwanamke, Domo. Mimi ndiye niliyeongea naye kwenye simu. Labda hizo ndevu zimeota leo asubuhi."

Jumatano iliyofuata Dada alifunga ofisi, akabandika karatasi mlangoni, akanisindikiza mwenyewe mpaka kwenye benchi la kusubiri. Ilibaki kunifunga leso ya makamasi kwenye shati na kuniandikia jina mgongoni.

Chumba cha mshauri ni namba sita, na benchi lake ni moja na la daktari wa meno. Kwa hiyo watu wote pale wameshika mashavu. Na mimi nikashika langu. Nesi mmoja akapita, mwanafunzi wetu wa zamani.

"Mwalimu! Pole. Jino?"

"Gego," nikasema.

"Mlango ule wa tano basi. Huo wa sita ni wa ushauri nasaha."

"Gego lenyewe lina mawazo," nikamwambia, na mlango wa sita ukafunguliwa.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, viatu amevivua na kuviweka pembeni kama mtu aliye kwake. Chumba kina viti viwili vinavyofanana, meza ndogo, boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na saa ya ukutani iliyotundikwa nyuma ya kiti cha mgeni, ili aione yeye tu.

"Shikamoo."

"Marahaba, karibu. Kabla hatujaanza, unayosema humu yanabaki humu. Dada yako akinipigia kuuliza, nitamweleza habari za mvua."

Hapo nikaanza kumpenda kidogo.

"Nina swali," nikasema. "Masomo ni mangapi? Sisi kwetu ni ishirini, ukishindwa kuegesha tunakuongezea matano."

"Humu hatuhesabu hivyo."

"Na cheti?"

"Hatutoi."

"Sasa mtu anajuaje amefaulu?"

"Unalala usiku?" aliuliza yeye.

Basi nikamwonyesha nilichonacho. Nilimwaga vichekesho vyangu vyote. Nilimsimulia yule mwanafunzi aliyeshuka kwenda kuomba msamaha kwa mtu aliyemwona kwenye kioo cha pembeni, kumbe ni yeye mwenyewe. Nilimsimulia bwana harusi aliyefeli mtihani kwa sababu kila akiona honi anapiga. Mshauri alicheka kweli, si kicheko cha kazi. Alicheka mpaka akavuta karatasi yake mwenyewe kwenye boksi akafuta macho. Nikasema moyoni, huyu nimemmaliza, kazi imekwisha, narudi kwenye kiti changu.

Saa ilipotimia akavaa miwani.

"Umenichekesha sana, na nakushukuru, leo nilihitaji. Ila saa nzima hukumtaja mama yako hata mara moja. Na mguu wako umekanyaga zulia langu mara kumi na moja. Nilikuwa nahesabu."

*

Kikao cha pili nilimtaja. Niliona kumtaja hakuna ubaya, nikamtaja kwa saa nzima, namna alivyokuwa anavaa viatu vya raba na gauni la kutokea, namna alivyokuwa anamwita kila mwanafunzi "baba" au "mama" hata akiwa na miaka kumi na minane, namna alivyowahi kumfundisha mtu gari kwa simu kutoka kitandani akiwa na homa. Ilikuwa raha. Sikujua nilikuwa na njaa ya kumsema kiasi kile. Lakini kila nilipokaribia siku yenyewe, ile Jumanne aliyofariki, zulia linakanyagwa.

"Hapo umefunga breki kwa nini?" mshauri aliuliza.

"Hamna kitu."

"Umeona nini mbele?"

"Barabara tupu," nikasema. Nilidhani ni kichekesho. Yeye hakucheka, na mimi sikucheka.

Wiki hiyo nikaamua kujitibu mwenyewe, maana tayari nilikuwa nimehudhuria mara mbili na nilijiona nusu mtaalamu. Nikasema kama tatizo ni mguu, dawa ni kuukunja kama Mama alivyokuwa anaukunja. Nikaingiza miguu yote miwili chini ya kiti, nikakunja mikono, nikamwambia Mkunga: "Haya, mama, endesha. Leo mimi ni abiria tu."

Alinitazama kwa shaka, akaondoa gari. Mita hamsini, sawa. Mita mia, sawa. Kwenye tuta la kwanza mguu ukataka kwenda kwenye pedali, mimi nikaubana, wenyewe ukavuta, mimi nikaubana zaidi, na msuli wa nyuma ya goti ukajikaza kama kamba ya kutekea maji. Nilipiga yowe ambalo sijui lilitokea wapi.

Mkunga aliegesha. Aliegesha vizuri, kwa indiketa na hendibreki, jambo ambalo kwa wakati ule sikuweza kumsifia. Akazunguka, akafungua mlango wangu, akanikamata kisigino kwa mikono miwili.

"Lala chali!"

"Naumia, Mama Mkunga!"

"Wote husema hivyo. Pumua! Vuta, toa. Usinishike nguo. Nyoosha! Sukuma! Sukuma, mwanangu!"

Watu walianza kukusanyika. Mwanamke mmoja mwenye kikapu akauliza kwa huruma ni wa ngapi. Mkunga, bila kuniachia mguu, akajibu: "Wa kwanza, ndiyo maana ana kelele." Walicheka wote, na mimi nikiwa chali kwenye kiti cha mama yangu, mguu mmoja nje ya gari, nikacheka nao, halafu nikashangaa kwamba machozi yanaingia masikioni na hayataki kukoma hata msuli ulipolegea.

Mkunga aliwatawanya watu kwa mkono, kama anayefukuza kuku. Akakaa pembeni kwenye ukingo wa barabara, akasubiri. Nilipomaliza akanipa kitambaa, akasema: "Sasa niendeshe au bado unasukuma?"

*

Kikao cha tatu kiliangukia Jumatano ya mwisho ndani ya ule mwezi wa Dada. Niliingia chumba namba sita bila kushika shavu, nikakaa, nikasema kabla sijasalimia vizuri:

"Nilimwambia alegeze mkanda."

Mshauri aliisogeza ile meza ndogo pembeni.

Nikamweleza. Jumanne ile, saa mbili na nusu asubuhi, Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi, ufunguo wa gari mkononi. Akaniambia: "Mchukue wewe huyu wa saa tatu. Kifua kinanibana." Mama hakuwahi kuachia mwanafunzi. Alifundisha na malaria, alifundisha na mkono wenye plasta. Hapo tu ningejua. Lakini mimi ni mimi, domo limetangulia, nikasema: "Legeza mkanda, Mama." Nikamnyakua ufunguo, nikaenda zangu.

"Niliona ni kichekesho kikali sana," nikasema. "Kwa sababu ni dereva, unaona? Kifua kinabana, mkanda. Nilikwenda naicheka mwenyewe mpaka kwenye gari. Na yule mwanafunzi nikamfundisha kurudi nyuma kati ya ndoo mbili. Saa nzima. Ndoo mbili. Tuliporudi saa nne watu wamejaa mlangoni."

Sikufunga breki. Nakwambia ukweli, mguu ulikaa tu pale ukitetemeka, kama umechoka na wenyewe.

Nilikuwa namsubiri aniambie si kosa langu. Jibu la kumrudishia nilikuwa nimelitayarisha tangu nyumbani, lilikuwa kali. Hakusema.

"Mimi si daktari wa moyo," alisema. "Siwezi kukwambia kwamba ungemkimbiza hospitali angepona. Siwezi kukwambia kwamba asingepona. Hilo hakuna anayelijua, na itatubidi mimi na wewe tujifunze kukaa nalo, taratibu, hata kama ni miezi. Lakini niulize. Ulipomwambia alegeze mkanda, yeye alijibu nini?"

"Nani?"

"Mama."

Nilifungua mdomo. Hamna kitu kilichotoka, mimi, Domo.

"Sijui," nikasema. "Nilishageuka."

"Hukumwona uso?"

"Nilimpa mgongo."

"Kwa hiyo miezi mitano unasikiliza nusu ya mazungumzo. Nusu yako." Alivua miwani. "Ofisini alikuwepo nani mwingine?"

"Dada."

"Mh," alisema. Kisha: "Sikutumi. Nauliza tu."

*

Nitakueleza kwa nini niliogopa. Dada hakujua habari ya kifua. Hakuna aliyejua. Kwenye msiba wote watu walisema "ghafla", "hata hakuumwa", na mimi nilikuwa naitikia ghafla, ghafla, nimekaa katikati yao na ile sentensi mdomoni. Nikimwambia Dada, sikuwa naogopa kunyang'anywa kiti peke yake. Niliogopa kumnyang'anya na yeye hilo neno ghafla, na nisimwachie kitu cha kushika.

Alhamisi asubuhi nilimkuta anapanga ratiba ya wiki ijayo. Kwenye safu ya mwalimu hakuwa ameandika jina. Nikabaki mlangoni.

"Ingia au toka, unazuia mwanga."

"Dada, Mama aliniambia kifua kinambana."

Kalamu ikasimama. "Lini?"

"Siku ile. Hapa nilipo. Ndiyo maana nilichukua zamu yake."

"Mimi aliniambia amechoka."

"Mimi aliniambia kifua."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia alegeze mkanda."

Alilaza kalamu mezani. Nilitamani anirushie lile daftari. Akainuka, akapita ubavuni kwangu bila kunigusa, akatoka, akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa upande wa mwalimu, akaingia, akajifungia. Nilimwona kupitia dirishani amekaa tu, anatazama ukuta ulioko mbele ya gari.

Saa tatu kasoro Mkunga akafika kwa somo lake. Alimwona Dada ndani ya gari, akaniona mimi mlangoni, akaingia ofisini akakaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, kimya. Mtu aliyefanya kazi wodini miaka thelathini anajua wakati wa kunyamaza. Mimi ndiye sijawahi kujua, lakini siku hiyo nilijitahidi.

Dada alirudi baada ya robo saa. Macho mekundu.

"Mkanda," alisema. "Kumbe ilikuwa mkanda."

"Nini?"

"Aliingia anacheka. Umeshaondoka na gari, yeye kaingia humu anacheka peke yake, mpaka kajishika mlango. Nikamuuliza kulikoni, akasema, 'Huyu mdogo wako hana adabu hata chembe.' Akakaa. Akacheka tena. Nikamuuliza kakufanya nini, akanipungia mkono hivi, niache. Miezi mitano, Domo! Miezi mitano najiuliza mama yangu alikuwa anacheka nini mara ya mwisho, na wewe unacho, umekikalia!"

Nilimsogezea kiti chake.

"Na usidhani nimekusamehe," aliendelea, sasa analia waziwazi. "Nimekasirika. Ungeniambia siku ile ile. Mimi nilimwona anatoka jasho. Asubuhi ya baridi, anatoka jasho, na unajua mimi nilifanya nini? Nilimfungulia dirisha. Ndiyo akili yangu ilipofikia. Dirisha!"

"Mimi mkanda," nikasema.

"Mimi dirisha," akasema yeye.

Sijui nani alianza. Nadhani ni yeye, kwa sababu kicheko cha Dada kinaanzia puani, na nilisikia pua. Tulicheka vibaya, kile kicheko cha kushikiliana mabega, na katikati yake kulikuwa na kilio, na sikujaribu kukitenganisha. Mkunga alitugawia karatasi laini kutoka mkobani, mmoja mmoja, kwa zamu.

Tulipotulia Dada akapenga kamasi, akaketi, akavuta daftari.

"Huyo mshauri wako," alisema, bila kuniangalia, "ana nafasi siku nyingine? Isiwe Jumatano. Sitaki tukutane kwenye benchi wote tumeshika mashavu."

"Nani kakwambia habari ya mashavu?"

"Nesi. Aliuliza gego lako linaendeleaje."

"Nitamuuliza kama ana Ijumaa."

"Muulize." Kisha akaugonga ukurasa kwa kalamu, pale palipokuwa wazi. "Ila usidhani machozi yanafundisha gari. Mwezi unaisha keshokutwa. Nilisema nilichosema, na nataka kuona kwa macho yangu."

"Watoto wangu," Mkunga alisema kwa upole kutoka kwenye kiti chake, "nawahurumia sana. Lakini somo langu ni la saa tatu, na sasa ni tatu na nusu."

*

Kwa hiyo tulitoka watatu. Mkunga kwenye usukani, mimi kwenye kiti changu, au cha Mama, au cha yeyote kitakayemwangukia, na Dada kiti cha nyuma katikati, daftari magotini, shingo kaitanguliza kama twiga wa kwenye sanamu.

Sikuukunja mguu. Niliuweka mahali pake, juu ya zulia, karibu na pedali, nikauacha. Mkunga aliangalia vioo, akawasha indiketa, akaingia barabarani. Mguu ukanyanyuka. Nikautazama. Ukashuka.

"Gia ya pili, mama," nikasema.

"Naijua."

Tukapita lile tuta ambalo nilijifungulia. Tukapita posta. Mguu ulinyanyuka mara nyingi, sitaki kukudanganya, kila kwenye kona, na shati langu lilikuwa limelowa mgongoni. Lakini kunyanyuka si kukanyaga. Kwenye kipilefti Mkunga alisubiri, akahesabu magari kwa midomo, akaingia, akatoka upande aliotaka, nyuma Dada akashusha pumzi, na mimi ndipo nikagundua kwamba sijapumua tangu posta.

Mtaa wa maghala ndio uliokuwa mtupu kuliko yote. Mrefu, umenyooka, hakuna mtu. Mkunga akaweka gia ya tatu kwa mara ya kwanza tangu aanze kusoma na mimi, akatabasamu peke yake. Tulikuwa katikati ya mtaa lori la magunia lilipotoka kinyumenyume kwenye geti la ghala, bila honi, bila taa, mkia mzima barabarani.

Mguu ulikanyaga.

Tulisimama hatua mbili kutoka kwenye bampa lake. Injini ikazima. Mkoba wa Mkunga ulikuwa sakafuni, daftari la Dada lilikuwa begani kwangu, na Dada mwenyewe alikuwa amekishika kiti changu kwa mikono yote miwili. Lori likamalizia kutoka, dereva wake akatuinulia kidole gumba, akaenda zake.

Mkunga alinigeukia, mdomo umeshafunguka kunisema, ni mazoea. Akalitazama lori. Akanitazama tena.

Kisha Dada, sauti ikiwa bado haijakaa sawa:

"Mama Mkunga, hiyo nayo ni yale yale?"

"Hapana," Mkunga alisema. "Hiyo ilikuwa ya kweli. Mimi nilishalala, hata sikuliona."

Dada alinyoosha mkono, akachukua daftari lake begani kwangu, akalifungua magotini. Nilimwona kwenye kioo cha katikati anatafuta kalamu, anaipata nyuma ya sikio.

"Wiki ijayo, Jumatatu saa tatu," alisema. "Nikuandikie mwalimu gani?"

"Huyuhuyu," Mkunga alijibu. "Ila mwambie apumue."

Akakanyaga klachi, akawasha gari, akaangalia vioo vyote vitatu, akatia gia ya kwanza.